Pumu ya Karani Kitwana

Jumatatu, 1 Julai 1974

Majaribio ya mbio za baiskeli za Saba Saba. Msabaha wa kwanza. Mimi wa pili. Mwaka wa tatu huu! Mshindi wa Jumapili ndiye atakayevaa jezi ya Bagamoyo kwenye mashindano ya Dar es Salaam, na mimi pale ofisini kwetu ushirika nimeshawaaga watu.

Msabaha ni mchuuzi wa samaki, tena ana pumu. Kifua kinalia filimbi. Sasa mtu asiyeweza kupumua anawashindaje wanaopumua? Jibu ninalo: vidonge. Kamati imepiga marufuku dawa zote, lakini yeye ana cheti cha zahanati, anaruhusiwa kumeza nusu kidonge asubuhi ya mbio. Nimemwambia mwenyekiti kwamba huu ni wizi wa mchana kweupe. Akanijibu kwamba kama nautamani ugonjwa wa Msabaha nimwombe Mungu anipe, na cheti nitapata.

Wazo si baya. Ila Mungu sitamsumbua, nitajipa mwenyewe.

Jumanne, 2 Julai

Zahanati. Nimekohoa foleni nzima. Bwana Rehani, mganga, akaniwekea kipimo kifuani, mbele na nyuma, akasema kifua hiki angekuwa nacho punda angeuzwa bei ghali. Nikamweleza kwamba pumu yangu haipendi kusikilizwa. Akaita mgonjwa mwingine.

Mganga haamini mpaka aone. Basi ataona. Kesho naanguka mbele ya watu.

Jumatano, 3 Julai

Nimeanguka soko la samaki, watu wamejaa. Nilihema, nikatoa macho, nikajishika shati. Kazi safi. Nilitegemea wanibebe zahanati. Wamenibeba nyumbani! Sijalazwa vizuri, mke wangu Tatu kashatuma habari kwa mama yake. Alasiri Bi Mize huyo, na mkeka wake na chungu cha kunifukizia. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akanikataza nisiseme tena, nitamaliza pumzi.

Nimefukizwa. Nimesuguliwa mafuta ya nazi na kitunguu thaumu. Baiskeli imeondolewa uani isinitie tamaa.

Alhamisi, 4 Julai

Wageni. Mtaa mzima unakuja kunijulia hali, na kila anayeingia inabidi nimkoholee. Mazoezi hakuna. Nimesema nakwenda msalani, nia yangu nichungulie baiskeli, Bi Mize akanisindikiza hadi mlangoni na kunisubiri.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya sala, nani anabisha hodi? Msabaha. Kaleta samaki, changu wawili wa mchuzi. Akakaa kitandani pangu, akasema ugonjwa huu anaujua, mtu anazama na yuko nchi kavu. Machozi yakamlenga. Akatoa kikaratasi kina vidonge vinne, ndivyo alivyobakiwa navyo. Zahanati wataletewa vingine Jumatatu. Nikamwuliza, na Jumapili je? Akasema Jumapili ni mbio tu, bwana Kitwana, uhai kwanza.

Ninavyo mimi. Yeye hana. Nimefurahi mpaka nikakohoa kweli.

Jumapili, 7 Julai

Msabaha humeza nusu. Nimepiga hesabu ya kikarani: vinne ni ushindi mara nane. Nikamwambia Bi Mize kwamba dawa hii ndiyo ponyo langu. Akanimezesha kimoja kimoja kwa mkono wake, kwa bismillahi, akaniruhusu kutoka na baiskeli kwa sharti kwamba atakuja kunitazama.

Mbio ni hadi kijiji cha Kaole na kurudi, mara mbili. Nilikuwa moto! Mikono ilitetemeka hadi kengele ikalia yenyewe. Moyo uko kooni. Msabaha nilimpita kwenye mchanga, filimbi ya kifua chake naisikia. Sikugeuka.

Nikafika wa kwanza, ila nikashindwa kunyamaza. Niliihutubia kamati juu ya ushirika, bei ya korosho na hila za Msabaha. Bwana Rehani akanishika mkono kupima mapigo, akauliza nimemeza nini. Nikasema maji. Bi Mize akanisahihisha, kwa fahari kabisa: “Mwanangu huyu mgonjwa. Kameza vidonge vyote vinne alivyobakiwa navyo Msabaha, nimempa mwenyewe.”

Mwenyekiti akaomba cheti.

Wamenifuta. Aliyenifuatia alikuwa Msabaha, hana hata punje ya dawa tumboni, na jezi ni yake. Mwenyekiti akatangaza kwa kipaza sauti kwamba tangu leo mtu asiseme tena Msabaha anabebwa na vidonge, kwani Karani Kitwana ametuthibitishia. Watu wakanipigia makofi. Aibu niliyoipata siielezi. Nimetetemeka mpaka magharibi, na mkojo umegoma.

Jumatatu, 8 Julai

Tatu hasemi nami. Bi Mize kakunja mkeka wake kaondoka bila kuniaga.

Alasiri kaja Msabaha. Nilidhani kaja kunicheka. Kumbe Bagamoyo nzima ni yeye peke yake aliyebaki akiamini kwamba naumwa. Alisema mbio za jana zimemvunja, tangu alfajiri hajavuta pumzi kamili, lakini zahanati wamempa vidonge leo, basi tugawane. Akanimegea nusu yake. Kisha kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka akaegemea mwimo wa mlango.

Nimevipokea. Desemba kuna mbio za sikukuu ya Uhuru. Nikamwuliza kama hivyo vilivyobaki anavihitaji sana.