Turubai la Kanisa na Viazi vya Kajuju

Jumatatu, 14 Julai

Baridi! Asubuhi nimekuta maji ya kuku yameganda juu. Nimeyagonga kwa kidole. Kidole kimeuma hadi saa nne.

Kajuju, mke wangu, yuko Embu wiki ya tatu sasa kwa binti yetu Kinya, aliyejifungua mtoto wa kike. Mjukuu wetu wa kwanza! Anaitwa Igoki, jina la mama wa mkwe wetu Munyi. Sijamwona ila kwa simu, na kwa simu anaonekana pua tu. Pua nzuri sana. Leo Kajuju amepiga na habari kubwa: Jumamosi wanamleta hapa Kibirichia nimshike. Nimeruka kwa furaha. Nimegonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Kisha masharti yakaanza. Embu kuna joto, amesema, na huku Julai inauma. Mianya yote kwenye mbao za nyumba izibwe. Kuni kavu ziwe ndani. Viazi vyake vifunikwe nyasi kavu kabla jalidi haijashuka, ule umande unaoganda alfajiri na kuacha majani meusi, maana ndivyo vitakavyomlisha mzazi na wageni wake. Na Jumamosi, kabla mtoto hajatolewa kwenye gari, yeye mwenyewe atapita na mshumaa kando ya kuta zote. Moto ukicheza, gari linageuzwa papo hapo. Mtoto anarudi Embu bila kushikwa na mtu.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kazi imeshaanza. (Imeanza kichwani. Huko ndiko kazi zote huanzia.)

Jioni amepita Lydiah, mwenyekiti wa kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu. Amesema Alhamisi hakuna zamu ya mtu, kwa hivyo watakuja kwangu, watu thelathini, wamalize kila kitu siku moja. Mimi nipike uji tu. Nimekataa kwa heshima. Hesabu ni rahisi: wakikulimia siku moja, nawe lazima uende kwa kila mmoja wao. Siku thelathini za jembe! Tena katika kikundi yumo jirani yangu Kithinji, na sitaki Kithinji akanyage shamba langu na kuona mbinu zangu.

Sina mbinu bado. Lakini nikiipata, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutaka kuiona.

Jumanne, 15 Julai

Kithinji amefunika viazi vyake vyote kwa nyasi. Asubuhi moja tu, yeye na mkewe. Amesimama kwenye ua akaniuliza kwa sauti kubwa kama ninangoja serikali ije inifunikie. Nimemjibu kwamba nyasi ni teknolojia ya zamani. Akauliza mpya ni gani. Nimesema atajionea.

Kuni. Zilizopo zimelowa. Nimewaza nizikaushe haraka, nikazipanga juu ya mawe na kuwasha moto mdogo chini yake. Zimekauka vizuri sana. Halafu zimeungua. Zote.

Mianya. Nimekoroga uji mzito wa ngano, nikachovya magazeti ya zamani na kuyashindilia kati ya mbao. Kazi safi, bila gharama, bila kelele za nyundo. Nimeingia ndani kunywa chai nikiwa nimejaa fahari. Nilipotoka, kuku walikuwa wamepanga mstari ukutani wakila uji. Wamekula hadi siasa za mwaka jana.

Kajuju amepiga. Nimemwambia ukuta wa upande wa jua umekamilika. Haukuwa uwongo nilipokuwa nakunywa chai.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata! Mimi ndiye mtunza vifaa wa kanisa. Vifaa vyenyewe viko katika stoo yangu: viti mia moja, sufuria sita kubwa, na TURUBAI. Jeupe, la watu hamsini. Linakaa tu pale, limekunjwa, likingoja shughuli. Je, viazi si shughuli? Jalidi inatoka juu. Ukiweka paa juu ya viazi, itapitia wapi?

Sikumwuliza mtu. Si kwamba ninaiba. Ni kwamba nikimwuliza Lydiah, ambaye pia ni katibu wa kanisa, Kithinji atajua kufikia saa sita, na saa saba atakuwa ameazima turubai la kanisa lingine. Nilingoja Kithinji aende sokoni Kianjai kuuza vitunguu, nikaanza.

Turubai la watu hamsini si la mtu mmoja. Limeniangukia mara tatu. Mara ya tatu nilikaa chini yake muda mrefu, nikafikiria maisha. Mwishowe nimelifunga upande mmoja kwenye mikaratusi, upande wa pili kwenye nguzo, na limesimama! Limefunika kipande cha shamba karibu na nyumba. Kipande kikubwa kilichobaki nitakifanyia moshi: nimelundika majani mabichi na vijiti kwenye pembe nne, tayari kuwashwa alfajiri. Moshi ukitanda, jalidi inapotea njia.

Nimesimama barabarani kulitazama. Linaonekana mbali! Linapendeza! Mpita njia mmoja amevua kofia. Watu wa hapa wanajua kuheshimu ubunifu.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya ajabu. Naandika polepole nisiache kitu.

Alfajiri hapakuwa na jalidi, ukungu tu. Saa kumi na mbili nimeongea na Kajuju, kisha simu ikazima, maana sikuichaji. Nimefunga nyumba, nikaenda kituoni penye maduka kununua misumari. Huko nimekaa kidogo na watu. Kidogo kama saa tatu.

Nimerudi. Boma limejaa! Wanawake na mizigo ya kuni mgongoni. Chupa za chai. Viti vya kanisa vimetolewa stoo na kupangwa chini ya turubai. Sufuria zote sita motoni. Watu wanaimba wimbo wa polepole sana, na mbele yao Kithinji amesimama na karatasi, kavaa koti.

Nimefurahi. Nimedhani wamekuja kuona mbinu. Nikapenya hadi katikati, nikamwuliza Kithinji kwa sauti ya chini kuna nini. Akasema, bila kunitazama, nimheshimu marehemu. Nikauliza marehemu gani. Hapo ndipo akageuka.

Sitaeleza mayowe. Lydiah aliangusha mwiko. Mzee mmoja alinishika mkono, akaubonyeza, akasema, "Ako na joto. Huyu ni yeye kabisa."

Nimeelewa baadaye. Turubai jeupe katika boma, malundo ya vijiti vya moto kwenye pembe, nyumba imefungwa, mke hayupo, simu haipatikani. Mtu yeyote wa hapa angejua ni matanga. Kithinji aliona kwanza, akakimbia kwa Lydiah, na kabla ya saa tatu palikuwa na kamati. Kithinji alichaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa, "Safari ya Mwisho ya Baba Kinya", watu mia na arobaini. Nimekisoma chote nilipopata chaji. Sikujua ninapendwa hivi! Kajuju peke yake ndiye hakulia. Aliandika: "Nimeongea na yeye asubuhi. Hajakufa huyo. Kuna kitu amefanya."

Na ile karatasi ya Kithinji! Ilikuwa rambirambi. Nimeipokonya. Imeandikwa kwamba nilikuwa jirani mwema na "mkulima mwenye mawazo mengi". Kwa mkono wake mwenyewe! Nimeitia katika Biblia.

Kisha Lydiah akauliza swali nililoogopa: kama hakuna aliyekufa, turubai la kanisa linafanya nini hapa? Nimeeleza habari ya jalidi na paa. Nikaeleza tena, polepole zaidi. Ndipo mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita kiti kwa kiti hadi yule mzee wa mkono akakohoa na kupigwa mgongo. Nimecheka pia. Ungefanya nini?

Lakini kicheko kilikatika simu ya Lydiah ilipolia, akanipa mimi. Kajuju. Amesema ameona picha ya ukuta kwenye kikundi, na kuku wakiula. Amesema kwa sauti tulivu, ile ninayoiogopa, kwamba mtoto haji. Kinya hawezi kumlaza mtoto wa wiki tatu ndani ya kichujio cha chai. Labda Desemba.

Desemba! Atakuwa ana miezi mitano. Atakuwa ameshajua watu wake, na mimi nitakuwa mzee fulani tu. Nimekaa kwenye kiti cha kanisa na machozi yamenitoka, mbele ya Kithinji.

Lydiah alinitazama. Akachukua ile simu mkononi mwangu, akasema, "Mama Kinya, hebu pea sisi hadi jioni." Akakata. Akafunga leso kiunoni na kusema kuni zimekuja, uji uko jikoni, watu wako hapa, na yeye hajatembea kilomita mbili na mzigo mgongoni ili arudi bila kufanya kitu.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Wanawake wamebeba nyasi kavu na kulaza mstari kwa mstari katika kile kipande kikubwa. Wanaume wamegongelea vipande vya mbao juu ya kila mwanya. Kithinji ameshika nyundo, na lazima niseme ukweli, anajua kugonga msumari. Kuni walizoletea matanga yangu zimepangwa ndani hadi dirishani. Mimi nilikuwa nikielekeza, hadi Lydiah akaniomba nikaelekeze punda aliyeleta mbao.

Walitaka kufunika na kipande cha chini ya turubai. Nimekataa. Sayansi ikianzishwa imalizwe.

Saa tisa manyunyu yakaanza, wote wakakimbilia chini ya turubai, wakala wakiwa wamesimama. Watu wengi. Mistari ya viazi ikawa chini ya viatu.

Kabla ya kuondoka Lydiah alipita na mshumaa kando ya kuta zote, simu ikiwa imewashwa video, Kajuju akitazama kutoka Embu. Moto haukucheza hata mara moja. Kajuju amesema sawa. Sawa! Kisha Lydiah akafungua daftari na kunisomea zamu zangu. Si thelathini. Walikuja arobaini na mbili.

Ijumaa, 18 Julai

Jalidi imeshuka! Alfajiri bonde lote jeupe. Nyasi zinavunjika chini ya kiatu. Nimekimbia shambani bila kofia.

Kipande kikubwa, chini ya nyasi: majani ya kijani, mazima, viazi vya Kajuju vimepona! Nimepiga kelele hadi Kithinji akaja kwenye ua. Vyake pia vimepona. Tumepeana mikono juu ya waya.

Kipande cha turubai: vyote vimekufa. Kithinji alianza kutabasamu, lakini nilimwita atazame karibu. Hakuna jani hata moja lililochomwa na baridi. Vyote vimekanyagwa. Kwa hivyo turubai lilifanya kazi yake kikamilifu. Viatu ndivyo vilivyoharibu. Kithinji alifikiri sana, akakubali kwamba hawezi kukataa.

Nimechimba vilivyokanyagwa. Vidogo, lakini vitatosha chakula cha wageni wa kesho. Turubai nimelikunja na kulirudisha stoo.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika saa saba. Kajuju alishuka kwanza, peke yake, na mshumaa. Alipita kila ukuta. Mimi, Munyi na Kinya tumengoja nje, mtoto garini ndani ya mablanketi manne. Alitoka, mshumaa ungali unawaka, akasema, "Mlete."

Nimemshika! Ni mzito kuliko pua yake ilivyoonyesha. Alinitazama, akapiga chafya, akalala kifuani pangu saa mbili nzima. Mkono wangu umekufa ganzi na sikuruhusu mtu aniondolee. Mimi ni guka, babu wa mtu. Nimelia tena, na safari hii Kithinji, aliyeleta maziwa, amelia pia, kisha akasema ni moshi.

Kajuju ameniambia, mdomo ukitaka kucheka, kwamba nyumba ni nzuri kuliko alivyoiacha. Nimesema ilihitaji usimamizi. Kinya ameamua wakae wiki mbili. Wiki mbili!

Jumapili, 20 Julai

Ibada nzuri. Kanisa zima limesimama kushukuru kwa kufufuka kwangu. Nimepunga mkono.

Baada ya chakula Kajuju amegundua upepo kidogo chini ya mlango wa jikoni. Ameniomba nikunje gunia moja, niliweke pale. Dakika mbili. Nimesema ndiyo, mama.

Lakini nimeketi na kufikiri. Gunia linazuia baridi tu, haliongezi joto. Nani anaongeza joto? Mnyama. Wazee wetu walilala na mbuzi nyumba moja, na hakuna aliyekufa kwa Julai. Mbuzi mmoja mzima ana joto la jiko dogo, hana moshi, hali makaa. Mbuzi sita sebuleni, wakizunguka kitanda cha mtoto, na Igoki atadhani hajatoka Embu!

Kithinji ana mbuzi sita. Nimemweleza kupitia ua, na safari hii hakucheka. Ameuliza kama kazi itaandikwa kwa majina yetu wawili. Nimekubali.

Kesho saa tatu Kajuju na Kinya wanampeleka mtoto kliniki. Saa tatu na nusu mbuzi wanaingia. Nimemsihi Kithinji asimwambie mtu yeyote.