Malalamiko Kuhusu Wazee Wanaolipenda Paa Letu Kupita Kiasi

Kambi ya Magari ya Lost Wagon,
Kiwanja Na. 14,
Arizona.
Jumanne, 24 Juni.

Kwa Bi Ardith Stroud,
Mhariri wa karatasi ya habari inayobandikwa mlangoni pa chumba cha kufulia.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi ni Tansy, mjukuu wa Bi Verna wa kiwanja cha kumi na nne, yule msichana anayepita nyuma ya mapipa ya taka ili asikutane na watu. Si kiburi. Nikitazamwa na watu zaidi ya wawili masikio yangu huwa mekundu na maneno yote hunitoka. Ndiyo maana naandika.

Kama ujuavyo, gari ambalo mimi na Bibi tunaishi ndani yake ni la mwaka 1983, na kanuni ya kambi inasema kila gari lililopita miaka kumi lipimwe kabla ya mvua za Julai. Ijumaa hii meneja atalimwagia paa letu maji ya mpira kwa nusu saa. Likivuja, tunahama. Bibi ana miaka sabini na tisa na hana nyumba nyingine duniani. Mimi nimemaliza shule wiki tatu zilizopita, na kazi ya kuziba paa ni yangu kwa sababu bati lake ni jembamba na mimi nina ratili mia na nne tu. Bibi akipanda yeye, atashukia jikoni.

Kazi yenyewe si ngumu. Unakwangua gundi ya zamani kwenye maungio ya bati na kuzunguka matundu ya hewa, unafuta kwa spiriti, unamimina gundi mpya ambayo hujilaza yenyewe kama uji, kisha unapaka rangi nyeupe ya kurudisha jua lilikotoka. Ni siku tatu. Leo ni ya kumi na moja, na sababu ni hizi:

1. Ngazi. Katika kambi hii ngazi ikiegemezwa kwenye gari huchukuliwa kuwa mwaliko wa harusi. Dakika kumi hazipiti, wazee wamefika na viti vya kukunja na vikombe vya kahawa, wameketi kivulini wakitazama juu. Mzee Floyd huja na darubini.

2. Ushauri. Kila mmoja ana dawa yake ya kuzibia na anachukia ya mwenzake. "Bandika utepe wa gundi, binti!" husema Mzee Wendell. "Utepe ndio mwisho wa habari!" Naye Mzee Floyd humjibu, "Utepe wako si ndio uliobanduka barabarani ukawa unapepea kama mkia wa tiara?" "Lakini tulifika Nevada!" "Mlifika mmelowa!" Kisha wote huniuliza nani yuko sahihi. Mimi hutikisa kichwa tu, na kila mmoja huamini nimemtikisia yeye.

3. Hapa naomba uketi. Nalazimika kumtaja Mzee Delmar, ambaye najua ni mume wako. Miaka mitatu iliyopita, Bibi alipolazwa kwa ajili ya nyonga, Mzee Delmar alisimama kwenye ngazi, akanyoosha mkono, na kwa moyo mwema kabisa akaziba kingo za tundu la hewa lililo juu ya kitanda cha Bibi kwa silikoni, ule mpira laini wa kuzibia nyufa za bafuni. Bi Ardith, silikoni ikishapakwa juu ya paa, gundi nyingine haishiki tena hapo. Nimeikwangua siku sita. Kucha zimekwisha. Naye hukaa chini ananitazama kwa fahari: "Unaona ilivyoshika? Haing'oki hiyo, mjukuu wangu! Nilisema mimi!"

4. Bibi mwenyewe amehama upande. Huwapa wazee biskuti za moto, zile laini kama vimkate, zilizomwagiwa mchuzi mzito wa soseji, na mzee aliyelishwa haondoki. Jumamosi vilikuwepo viti kumi na kimoja. Kimoja kilitoka kambi nyingine.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, utangaze yafuatayo:

(a) Ngazi itambuliwe rasmi kuwa ni ngazi.

(b) Mwanamume yeyote aliyepita miaka sitini na mitano akae hatua hamsini kutoka kwenye paa lisilo lake.

(c) Gundi zote zikabidhiwe langoni, kama wageni wanavyoandikisha mbwa.

(d) Mzee Delmar apekuliwe kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Umpekue wewe mwenyewe, ili asione aibu.

(e) Kama hayo hayawezekani, basi kambi yote ihamishwe na kiwanja cha kumi na nne kiachwe hapa. Mimi na Bibi hatutaogopa. Tuna maji ya siku mbili.

Wasalimie Mzee Floyd, Mzee Wendell, na yule mwenye kiti cha kambi nyingine ambaye sikuthubutu kumuuliza jina. Msalimie na Mzee Delmar, ila usimwambie nimeandika nini.

Ni mimi mwenye utii, kutoka juu ya paa,
Tansy Huckaby

Nyongeza, Jumamosi. Barua hii imekaa mfukoni siku nne kwa sababu nimeona haya kukupa mkononi. Katika siku hizo mambo yamebadilika.

Jumatano jioni mimi na Bibi tulitandika karatasi za chooni ndani ya gari, tukajaribu maji wenyewe. Kote kulikuwa kukavu, isipokuwa chini ya lile tundu. Tone moja likaanguka kwenye mto wa Bibi, kisha la pili. Nilipanda kutazama, na gundi yangu mpya ikabanduka mkononi kama utando wa maziwa. Silikoni ilikuwa imeacha ukoko usioonekana kwa macho, na hapo hapashiki kitu ila silikoni nyingine. Bibi alianza kufunga vikombe vyake kwenye magazeti.

Nikaja kwako nikabisha hodi. Ulikuwa umekwenda kwenye mchezo wa bingo. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu, lakini mlango ulipofunguliwa yalitoka maneno mawili tu: "Silikoni. Tafadhali." Mzee Delmar hakunicheka. Aliitoa kwenye mfuko wa shati, kwa hiyo naomba usimpekue.

Alhamisi asubuhi alisimama kwenye ngazi akanielekeza, mimi nikapaka. Mzee Floyd aliona kwa darubini kitundu kidogo kama punje ya ufuta ambacho nilikuwa nimekipita mara ishirini. Mzee Wendell alishika ngazi na hakutaja utepe hata mara moja. Jana meneja alimwaga maji nusu saa nzima. Karatasi zilibaki kavu. Bibi amefungua vikombe.

Naomba basi barua hii usiibandike. Bandika hili tu: Ngazi ya kiwanja cha kumi na nne haitaondolewa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitapaka rangi nyeupe. Ni kazi ya mtu mmoja kwa asubuhi moja, lakini naweza kuivuta ikafika siku tatu. Kila mtu aje na kiti chake.