Mwalimu wa Baridi wa Nyakato

Prosper wa Nyakato alikuwa anamalizia kichwa cha sato pale Mwigobero, sokoni Musoma, aliposikia neno Kanada. Masikio yake huwa mazito sana mtu akimwita kwenye kazi ya kubeba matofali, lakini neno kama hilo yanalidaka hata likinong'onwa.

Aliyelitamka alikuwa mama mmoja mwenye vitenge viwili kiunoni, anachagua dagaa wa kusafiri nao. "Binti yangu Boke amejifungua huko Kanada," alikuwa anamwambia muuzaji. "Ananiita nikamlelee mjukuu. Naondoka mwezi wa kwanza. Ndege siogopi, Wazungu siogopi. Naogopa baridi tu. Wanasema kule watu wanagandaga wamesimama."

Prosper akanawa mikono na kulitupia koti lake begani.

Habari ya koti hilo inabidi isemwe. Lilikuwa koti nene la bluu lenye kofia ya manyoya, alilotoka nalo kwenye kiwanda cha samaki alikobebaga minofu ya sangara ndani ya chumba cha barafu, mpaka siku wakubwa walipogundua kwamba minofu inapungua na Prosper ananenepa. Kile chumba ndicho safari yake ndefu kuliko zote kuelekea nchi za baridi. Kwa joto la Musoma hakuweza kulivaa, basi alilibeba tu begani, upande mmoja wa mwili ukimtoka jasho kuliko mwingine.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kuingilia. Nimesikia Kanada nikakumbuka mbali. Nilikaaga huko misimu miwili."

"Marahaba mwanangu. Kumbe unapajua?"

"Baridi ya kule haielezeki hapa kwenye dagaa," alisema Prosper, akitazama ziwa kama mtu aliyefiwa. "Inataka mafunzo."

Tusimhukumu haraka. Prosper hakuwa na roho mbaya, alikuwa na shida ya ng'ombe. Alimpenda Gloria, fundi cherehani wa Bunda, akampenda kweli mpaka chakula kikawa hakipandi, isipokuwa cha bure. Lakini baba yake Gloria, Mzee Makongoro, alishamwambia bila kupandisha sauti kwamba binti hatolewi kwa maneno. Alitaka ng'ombe, waingie bomani kwake kwa miguu yao wenyewe. Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, mwalimu wa kweli mwenye ng'ombe wa kweli, ambaye alikuwa ameanza kupitapita pale na kuulizia afya ya mzee. Krismasi ikipita hivihivi, Prosper alijua, Gloria ameondoka.

Kwa hiyo mafunzo yakaanza Butiama, nyumbani kwa Mama Boke, mjane mwenye uwanja mpana na boma la ng'ombe lililomfanya Prosper ameze mate kabla hajakaribishwa kiti.

"Nyumba za kule hazina moto wa kuonekana," alifundisha. "Kuna hita. Hita ni chuma kiko ukutani. Asubuhi ukiamka unakigusa. Ukikuta kimepoa, mnakusanyika, mnaomba, halafu mnaita fundi."

"Basi nitabeba jiko langu la mkaa."

"Hapana mama. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha unaua watu wakiwa wamelala."

Lilikuwa neno pekee la kweli alilosema wiki ile, na mwenyewe alishangaa limetokea wapi.

Siku iliyofuata alimfundisha kujipaka mafuta ya sangara kuanzia shingoni mpaka kisiginoni ili theluji ikimgusa iteleze. Kisha akamwaga gunia zima la pamba uani, akamwambia mama avae mabuti ya mvua atembee juu yake, maana theluji ndivyo ilivyo. Mama Boke alitembea. Kuku wakamfuata. Wapita njia walisimama kwenye ua wakaangalia mpaka wakatosheka, na Prosper akawaeleza kwa uzito mkubwa kwamba kule Kanada hata mawaziri wanaanzia hapohapo.

Mama Boke hakubisha chochote. Aliuliza tu maswali, tena kwa upole, na kila somo lilipoisha alipika ugali na kuku.

"Malipo yako utataka nini, mwalimu?" aliuliza siku moja, akisonga.

"Ng'ombe watatu, mama."

"Kijana wa mjini unataka ng'ombe wa nini?"

Prosper alikuwa ameshiba tangu mchana, na akishiba anakuwaga mkweli. "Wa mahari. Nawapeleka Bunda kwa Mzee Makongoro. Nataka nimuoe binti yake, Gloria."

Mwiko ulisimama. "Makongoro yule mwenye pengo, anayekaa karibu na mnada?"

"Huyohuyo. Unamfahamu?"

"Alikuwaga rafiki wa marehemu mume wangu." Mwiko ukaendelea. "Sawa. Ng'ombe watatu utawapata. Ila kwanza nipeleke kwenye baridi yenyewe, nijipime."

Prosper akaona hilo ni jepesi. Pale kiwandani mlinzi bado alikuwa Evance, rafiki yake wa zamani, na kwa soda mbili Evance aliwafungulia chumba cha barafu wakati wengine wamekwenda kula.

"Wewe vaa koti," Prosper alimwambia mama mlangoni. "Mimi sihitaji. Mwili wangu ulishazoea kulekule."

Hilo la mwisho hakuna aliyemlazimisha kulisema.

Mama Boke akavaa koti, akavuta kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi, akakalia kreti la samaki kama mjumbe aliyewahi kikao. "Sasa mwalimu, nieleze tena ile hita. Pole pole. Kichwa changu kizito."

"Hi-hita ni chuma."

"Cha ukutani."

"Ndiyo."

"Nyumba ikiwa na vyumba vinne, kila chumba na chuma chake?"

"Ki-kila chumba."

"Na chooni?"

Prosper hakuwa anayasikia tena masikio yake mwenyewe. Aliwaza kusema somo limeisha, lakini mtu aliyekaa Kanada misimu miwili atashindwaje na jokofu la sangara? Akajibu habari ya choo. Akajibu habari ya bomba kuganda, na nguo zinaanikwa wapi. Aliulizwa mtoto mchanga anaogeshwaje, naye, ambaye hajawahi kuogesha hata baiskeli, alitoa maelezo marefu huku meno yakigongana. Alipomaliza, mama akasema hakushika vizuri pale mwanzo.

Evance alipofungua mlango aliuliza, "Mama, vipi?"

"Mie mzima. Mwangalie mwalimu."

Walimtoa wakamlaza juani, akatulia pale kama kenge mpaka vidole vikaanza kumwasha.

"Nadhani nimefaulu," alisema Mama Boke. "Koti nabaki nalo, si la safari?"

Prosper alitaka kukataa, maana lile koti ndilo lilikuwa shule yenyewe, lakini mdomo ulikuwa bado haujayeyuka. Mama akachukua ule ukimya kuwa ndiyo.

Keshokutwa yake alikabidhiwa ng'ombe, majike wawili na dume moja jekundu. Walikuwa wanono. Kila mmoja alikuwa na sikio la kushoto lililokatwa pembeni, na Prosper, aliyezoea kuwaona ng'ombe wakiwa wananing'inia buchani, akadhani ni miba. Kibali cha kuwasafirisha Mama Boke alikuwa ameshakichukua yeye mwenyewe kwa mtendaji. Alimfungashia hata viazi vya njiani.

"Uwafikishe salama, mwanangu," alisema. Tena alionekana anamaanisha.

Lori hakuwa na uwezo nalo, kwa hiyo alitembea kutoka Butiama mpaka Bunda, na viatu vya mjini. Njiani ng'ombe ndio waliokuwa wanajua wanakokwenda. Dume lilimburuza kwenye mfereji, jike moja likala kofia yake ya jua, na pale Nyamuswa, alikoomba kulala, alilala zizini akiogopa wasiibwe na watu wasio waaminifu. Aliumia. Lakini kila alipoumia alimwona Gloria amesimama mlangoni, na akainuka tena. Alishajiapiza kwamba hii ni ya mwisho. Akishaoa atatafuta kazi ya maana, hata matofali.

Alipoingia uwanjani kwa Mzee Makongoro, ng'ombe walimpita mbio wakaingia bomani bila kuelekezwa. Mzee alitoka na fimbo yake. Gloria alitoka nyuma yake, na sindano ikiwa bado mdomoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, marahaba." Mzee alikuwa anacheka mpaka pengo linaonekana. Alimshika dume sikio, akapitisha kidole pale palipokatwa. "Umewafikisha wote, na wamenona. Karibu ukae, mwanangu. Mama Boke alinipigia simu akaniambia upo njiani."

"Mama Boke?"

"Si hawa niliwawekaga kwa marehemu mume wake, mwaka ule ugonjwa ulipoingia Bunda? Sisi hatuwekagi ng'ombe wote boma moja. Alama yangu hii hapa kwenye sikio. Sasa mama anasafiri, akaniambia asingeweza kuondoka na mali ya watu mkononi, ila hana wa kuwaswaga. Akasema amepata kijana mzuri, mwalimu, atawaleta kwa miguu bila kudai kitu."

Prosper alikaa chini.

"Anakushukuru na koti," mzee akaendelea. "Eti la nje. Ndani halina kazi, binti yake kila jioni anamwonyeshaga kwenye simu hiyo hita, wanakaa na kanga tu. Alisema umemchekesha sana, alikuwa na hofu ya safari ikamwisha."

Gloria alitoa sindano mdomoni apate kucheka vizuri. Prosper alimtazama, na aibu ikamuuma kuliko kile chumba cha barafu, maana alivyokuwa anacheka alikuwa mzuri kuliko siku zote, na mwalimu wa kweli alikuwa na miguu mizuri ya kufika hapo kesho.

Mzee Makongoro alifunga boma, akavuta kigoda, akaketi mbele yake kwa heshima zote za baba wa binti.

"Haya," alisema. "Wangu wamefika. Wa kwako wako nyuma wanakuja?"

Prosper akageuka, akaitazama barabara.