Gurudumu la Kulia

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Nalufenya, Jinja.

Kosa la watu wengi wanaounda injini ndogo ya jeti ni kuanza na moto. Moto ni rahisi. Hata sigiri inao. Anza na hewa! Feni ya mbele huvuta hewa na kuibana. Katikati hewa hiyo huungua pamoja na mafuta ya taa. Gesi ya moto ikikimbilia nyuma hulisukuma gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo, kwa mhimili uleule, huizungusha feni. Nguvu inayobaki ndiyo husukuma ndege. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Najua.

Feni ninayo, nimeitoa kwenye turbo ya lori bovu. Gurudumu la nyuma atanichongea Gidudu, fundi wa Mbale.

Ramula, mke wangu, ametoa hukumu. Injini isipounguruma Jumamosi, chumba cha nyuma kinakuwa cha cherehani yake. Karakana yangu! Nimemshauri asihamishe hata sindano.

Jumanne, 5 Agosti.

Gidudu amepiga simu kutoka Namakwekwe, huko huko Mbale. Nimemwagiza achonge mapanga ili gurudumu lizunguke kulia, sawa na feni. Akauliza, "Kuria ya nani, mwalimu?"

Kuria! Nikamweleza kwa upole tofauti ya r na l. Kisha nikamweleza kwamba tunasema "kwa nani", si "ya nani". Robo saa nzima. Akashukuru, akaenda kukata chuma. Fundi msikivu sana.

Alhamisi, 7 Agosti.

Gurudumu limefika kwa basi. Linang'aa! Jirani yangu Otim, polisi mstaafu, amekuja kuchungulia. Yeye hurusha ndege za betri. Zinaruka, sikatai. Kunguru pia huruka. Akauliza kama nimehakikisha mapanga yanaelekea upande mmoja na feni. Nikamwambia, Afande, mambo haya tulikwisha kuyazungumza mimi na fundi wangu, na kwa lugha fasaha. Nikafunga injini bila kukagua. Mwalimu hasahihishi karatasi mara mbili.

Jumamosi, 9 Agosti.

Ramula alisimama uani na futi yake ya ushonaji shingoni. Otim alileta ndoo ya mchanga, bila kualikwa.

Nikaipuliza feni kwa mashine ya binti yetu Aminah ya kukaushia nywele. Ikazunguka kulia, vizuri kabisa. Nikawasha. Gurudumu la nyuma, lilipopata moto, likataka kwenda kushoto. Mhimili ni mmoja! Vyote viwili vikasimama. Moto ulipokosa hewa ya kuusukuma nyuma, ukatokea mbele, nilikokuwa mimi. Nusu ya ndevu imekwenda.

Otim akamwaga mchanga, mwingine kwenye injini, mwingi kwangu. Kisha akaizunguka injini polepole, kama anakagua gari barabarani.

"Ukisimama mbele, kulia ni huku," akasema. "Ukisimama nyuma, ni kule. Fundi alitazama kutoka nyuma. Ulimwambia atazame kutoka wapi?"

Nikamjibu kwamba kila mwenye akili hutazama injini kutoka mbele. Kosa ni la Gidudu. Akasema ni kweli, hata ndevu zangu zilikuwa mbele.

Ramula hakucheka. "Baba Aminah," akasema, "ndevu zitaota. Toa vyuma vyako."

Jumapili, 10 Agosti.

Cherehani iko karakanani. Ramula anasema angalau sasa kuna kitu kinachounguruma humo. Sijashindwa! Nimehamia barazani, na turubai juu ya vyuma.

Nimemwandikia Gidudu ujumbe kwenye simu: achonge gurudumu jipya, lizunguke KULIA. Herufi kubwa, asikosee tena. Hakukawia kujibu: "Kulia kwa nani, mwalimu?"

Nimeusoma mara tatu. L mahali pake. "Kwa" mahali pake. Hakuna hata kosa moja! Na bado watu husema sifundishi lolote. Nikamjibu papo hapo:

"Sahihi kabisa. Anza kukata leo."