Ukingo wa Goti na Ukingo wa Kiuno

Hakuna kitu Kofia alikipenda kama ugomvi wa watu wenye pesa. Siku hiyo, kwenye kona kali juu ya mji, aliukuta ugomvi wa daraja la kwanza: wa kifamilia.

Mama mmoja mkandarasi alikuwa amejenga ukingo wa chuma wa barabara kutoka chini kwenda juu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amejenga wake kutoka juu kuja chini. Walipokutana hapo konani, ukingo wa mama ulifika magotini na wa shemeji ulifika kiunoni. Katikati ulibaki mwanya wa kupitisha ng'ombe, na nyuma ya mwanya, bonde.

"Shemeji, shusha vyuma vyako."

"Nishushe mimi? Pandisha vyako wewe, shem! Gari si mbuzi, lizuiwe na kitu cha magotini?"

Kofia akaiweka sawa kofia ngumu ya njano iliyompa jina. Hakuwahi kujenga hata banda la kuku, ila aligundua mapema kwamba mwenye kofia ile haulizwi maswali.

"Poleni na kazi," akasema. "Mimi ni mtaalamu wa maungio. Vyuma hivi havina kosa, havijazoeana tu."

"Vitazoeanaje?" shemeji akauliza.

"Kwa upole, mzee. Chuma kina aibu."

Akamvuta mama kando, akamwahidi kumshusha shemeji. Akamvuta shemeji kando, akamwahidi kumpandisha mama. Kila mmoja akampa bahasha nene na kumsihi mwenzake asijue. Kofia, ambaye dhamira yake ilikuwa safi kwa kuwa haijawahi kutumika, akazipokea zote mbili.

Akatafuta ubao, akaupaka rangi ya fedha, akaufunga kwa waya kutoka ukingo wa chini hadi wa juu. Ulimeremeta mpaka mwenyewe akaanza kuuheshimu. Akakung'uta mikono aende zake.

"Wapi tena, mwanangu?" mama akamwita. "Mbona hujakaa?"

"Nikae wapi?"

Mama akamwonyesha stuli nyuma ya ubao, pembeni kabisa mwa bonde. "Ndiyo desturi yetu watu wa kingo. Aliyeunga huketi nyuma ya maungio yake, halafu lori la kokoto linakuja kuegemea. Likizuiwa, tunakupigia makofi."

"Na lisipozuiwa?"

"Tunapiga pia," shemeji akasema. "Kwa heshima."

Kofia akaugusa ubao kwa kidole. "Rangi haijakauka."

"Tutangoja," mama akasema. "Wewe mgeni wetu, utalala kambini."

Tangu hapo shemeji hakubanduka ubavuni pake. Kofia akienda chooni, shemeji alisimama mlangoni ameshika sabuni, kwa ukarimu mtupu. Pa kutorokea hapakuwapo. Na tapeli aliyekosa pa kutorokea anaweza kufanya mambo ya ajabu, hata kazi.

Akanunua vyuma, nguzo, boliti na saruji kutoka kwenye bahasha zile zile, roho ikimuuma kwa kila boliti. Mara ya kwanza aliunga kwa mruko mmoja, goti mpaka kiuno. Akalisukuma toroli likikwaruza chuma: likanasa, likapinduka, likamwaga kokoto miguuni pake. Kofia alilitazama toroli akaona lori, akajiona na yeye kwenye stuli. Akafungua vyote.

Safari hii aliupandisha ukingo taratibu, nguzo baada ya nguzo, na nguzo akazisogeza karibukaribu pale panapopanda. Chuma ambacho gari litakikuta kwanza alikilaza juu ya kinachofuata, pasiwe na ncha ya kukamata bampa. Toroli likateleza toka goti hadi kiuno bila kukwama. Alilisukuma tena na tena huku akilia, maana bahasha zilikuwa zimebaki karatasi tupu.

Siku ya siku akaketi. Akafumba macho, akawaomba msamaha watu wote aliowatapeli, akiwaruka wachache aliodhani walistahili. Lori likaja, likaegemea. Chuma kikapiga kelele, nguzo zikatetemeka, lori likateleza na ukingo hadi mwisho wa kona, likarudi barabarani. Kofia akafumbua jicho moja. Alikuwa hai! Akaikumbatia nguzo kwa furaha.

Dereva wa lori akashuka akicheka. "Miaka yote ninaendesha, sijaona mtu akikalishwa nyuma ya chuma. Desturi ya wapi hii?"

Kofia akamgeukia mama. "Ehe, ya wapi?"

"Tumeianzisha juzi," mama akasema, "uliposema chuma kina aibu."

"Kumbe mlijua! Na zile bahasha?"

"Hela za vifaa," shemeji akasema. "Mimi nisingeshusha, yeye asingepandisha, na fundi angetaka ujira. Wewe umetufanyia bure. Tena vizuri, mwanangu, sikutanii."

Kofia akaona bora aondoke kabla hajapewa kona ya pili. Akateremka kidogo, akaomba lifti kwenye pikapu ya muuza magodoro iliyokuwa ikipanda mlima, akakaa kati ya dereva na mkewe.

Kwenye kona ile ile dereva akainama kutafuta simu iliyomponyoka. Pikapu ikahama njia, ikaugonga ukingo, ikakwaruza, ikateleza toka goti hadi kiuno, ikarudi barabarani. Bonde likabaki upande wake.

"Mungu wangu, watoto wangu wangebaki na nani!" mke akasema.

Kofia alijaa fahari mpaka kooni. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jambo la kweli la kujisifia. "Ni mimi! Pale nimeunga mimi, kwa mikono hii!"

Dereva akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe? Basi na mimi mlima huu nimeumwaga mwenyewe, kwa koleo."