Chupi Iliyozikwa Shambani kwa Jolene

Jumatatu, 8 Julai

Bila mimi, Lumir Kovanda, serikali kuu kule Washington isingejua Nebraska iko upande gani wa ramani. Si majigambo. Mwaka juzi nilimshika mkono bwana mmoja wa hifadhi ya udongo, nikamwonyesha kijito chetu kwa kidole. Mwaka uliofuata hela zikaja. Mpwa wangu Jolene akapata pampu ya sola ya kunyweshea ng'ombe. Ng'ombe wakatoka kijitoni, na leo unauona mchanga wa chini. Jolene anadai alijaza fomu kurasa arobaini. Sawa. Nani alinyoosha kidole?

Sasa kuna mradi mkubwa zaidi: pampu, uzio na miti kijito kizima, mpaka kisima cha mji wetu wa Vlasta kipone. Mbolea ya mashambani imeingia humo. Jolene anaishi mjini, na mwanawe wa miezi minne hajawahi kuonja maji ya bomba. Ni ya dumu tu.

Sharti ni wakulima watano watie sahihi kabla ya Ijumaa jioni. Wanne wako tayari. Wa tano ni Vernon Sedlak, jirani, mbishi kuliko trekta lake. Hasaini mpaka aone kwa macho yake kwamba udongo wa Jolene, usiolimwa na unaofunikwa na mimea mwaka mzima, unaushinda wake wa plau.

Ndiyo maana kuna chupi.

Jumanne, 9 Julai

Naeleza kwa faida ya vizazi vijavyo. Mwezi Mei, Bi. Priebe wa ofisi ya hifadhi alizika chupi mbili nyeupe za pamba. Namba moja kwa Vernon, namba mbili kwa Jolene, kila moja na namba yake kwa rangi nyekundu kwenye lastiki. Ijumaa zinafukuliwa hadharani. Udongo wenye uhai hula pamba. Uliokufa hauli.

Mimi simwamini nyungunyungu. Hana haraka yule. Nimemwambia Jolene nitapitia kukagua. Kanijia juu: "Mjomba, pale usiguse. Nakuomba kabisa. Hata usipatazame!"

Nimemwahidi.

Jumatano, 10 Julai

Nimekagua. Balaa! Chupi imeibwa!

Nimefukua penye kibendera alichochomeka Bi. Priebe. Hamna kitu, ila lastiki na nyuzi mbili tatu. Vernon huyo! Kachukua chupi, kaniachia lastiki ili anikejeli. Lastiki nimeichukua. Droo ya dashibodi ya pikapu yangu ilikuwa inafunguka kila shimo la barabara. Sasa imefungwa nayo barabara.

Ikabidi nijitoe mhanga. Chupi yangu ya mwisho isiyo na tundu! Nimeikata kwa mkasi, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikampa mbwa wangu Pepik aitafune dakika tano. Kuirudisha hakutaka. Nimeizika penye kibendera. Hata nyungunyungu angeapa ni kazi yake.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemkuta Vernon kwenye ghala la nafaka. Nimemwambia naijua siri yake. Kauliza siri gani. Nimemwambia anaijua mwenyewe. Kasema, "Lumir, jua limekupiga. Vaa kofia, bwana."

Mwizi mzoefu!

Jolene kaoka kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, za watu sitini. Tano kaziunguza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Anasema Vernon akigoma, hela zinaenda kaunti nyingine. Nimemwambia alale, mjomba yupo. Kanitazama kwa hofu. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Julai

Watu wamejaa. Bi. Priebe kaanza kwa Vernon. Chupi nzima! Ungeweza kuivaa kanisani. Vernon kajikuna shingo, kasema haya, tuone ya huyu binti.

Kwa Jolene, Bi. Priebe kachimba, kainua. Matundu ya mkasi. Meno ya mbwa. Na kiunoni, wino mweusi: L. KOVANDA, WODI YA 3. Dada yangu aliandika hivyo nilipolazwa kwa mawe ya figo.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Jolene hakucheka. Vernon naye hakucheka. Kasema, "Basi, nimeona. Mnatufanya watoto." Kaelekea kwenye gari lake. Jolene kabaki kashika kalamu.

Nikamkimbilia. Nikamwita mwizi mbele ya watu wote, mwizi anayeiba chupi na kuacha lastiki.

"Lastiki ipi?"

Nikamwonyesha ndani ya pikapu yangu. Kaing'oa kwenye droo, karatasi zangu zote zikamwagika. Kaigeuza. Namba mbili, nyekundu. Bi. Priebe kasema ndiyo, mwandiko ni wake.

Vernon kageuka. Karudi kwenye shimo, kapiga goti, kachota udongo wa Jolene, kaunusa. Nyungunyungu wawili wakamtambaa kidoleni.

"Imeliwa yote," kasema polepole. "Udongo wa baba yangu ulikuwa unanuka hivi."

Kaomba kalamu.

Jolene kalia. Mimi vumbi liliniingia jichoni. Yote mawili.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeokoa kijito! Uzio utajengwa na vijana wetu wa Vlasta, kwa hela ya serikali kuu, na mimi ndiye niliyeleta ushahidi. Nimetembea mjini kifua mbele. Bi. Priebe kanikataza kusogelea shimo lolote. Wivu wa kikazi. Jolene kanibusu shavuni, kisha kaninyang'anya sepetu.

Sawa tu, mpango mpya hauhitaji sepetu. Pampu ya sola hulala usiku. Hasara! Nitafunga taa kubwa imulike paneli, na taa yenyewe itumie umeme wa paneli. Sielewi kwa nini Washington hawajaliona hili.

Jambo moja dogo, libaki humu. Wakati watu wanakula kolache, chupi ya Vernon ilisahauliwa juu ya uzio. Nimeifua mara mbili. Ninayo mwilini. Inabana kidogo.