Waandishi Waliomtaka Mheshimiwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Rachelle Kyungu wa redio ya mtaa amefika ofisini asubuhi. Viatu vimejaa vumbi. Hakutaka hata kukaa. Ameomba kuona buku, lile daftari la maombi ya mahojiano: nani aliomba kumhoji Mheshimiwa Mbayo, député wetu bungeni, na alijibiwa nini. Anasema bomba la mtaa limekauka tangu kiangazi. Kila akiomba mahojiano anajibiwa Mheshimiwa yuko safarini. Sasa wakaaji wanataka kujua ukweli.

Nikamwambia mambo ya ofisi ni siri. Mara Mheshimiwa mwenyewe akatoka chumbani, suti mwilini. Akasema hakuna siri yoyote. Ijumaa buku litasomwa mbele ya watu wote, katika ukumbi wa kanisa.

Shida: buku halipo. Mimi, Gamaliel Kalala, ndiye wa kulitunza, na sijawahi kuandika mstari hata mmoja.

Shida kubwa zaidi, na hii naiandika hapa tu: barua za Rachelle ziko kwenye droo yangu. Mheshimiwa hajaona hata moja. Ni kwa sababu juu ya bahasha anaandika "Kwa karani". Karani! Mimi ni mshauri wa mawasiliano!

Jumanne, tarehe 4

Nimenunua buku jipya. Nimelipaka chai lionekane la zamani. Nimeandika maombi kutoka Bruxelles, Kinshasa, Lusaka. Mheshimiwa atapendezwa. Nani atauliza habari za redio ndogo ya Kamina wakati Ulaya nzima inapiga hodi?

Majina ya waandishi yamenisumbua. Kichwa kikavu. Mwishowe nimechukua majina ya karibu. Mama mkwe wangu, Mauwa, muuza unga sokoni, amekuwa mwandishi wa Bruxelles. Kazi safi! Majina ya kweli hayawezi kuonekana ya uongo.

Béni wa protokoli amepita, akanusa, akauliza kwa nini ofisi inanuka chai. Huyu kijana anakitaka kiti changu. Nimemwambia afunge mlango.

Jumatano, tarehe 5

Mheshimiwa amesoma buku polepole. Alifurahi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuna hata redio moja ya hapa nyumbani. Anasema kila asubuhi anavaa suti, labda leo watu wake watamwita. Mota ya pampu imefika stesheni. Anataka kuwaomba watu waje na majembe, wachimbe mtaro wa kupitisha mabomba. Hataki kuwatuma kama bwana. Anataka kuwaomba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, redioni.

Hapo ningesema kweli. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikasikia unasema: redio ya hapa inatudharau, Mheshimiwa.

Akatazama chini.

Nyumbani sikumaliza bukari, ugali wangu wa jioni. Mke wangu Noémie aliingia na bidoni la maji kichwani, kutoka chemchemi ng'ambo ya reli. Shingo haigeuki. Akauliza kama Mheshimiwa amesema neno juu ya maji. Nikajibu ana kazi nyingi na watu wa Bruxelles.

Nimeandika jibu hilo na sasa nalisoma. Aibu tupu.

Ijumaa, tarehe 7

Ee Mungu wangu!

Ukumbi ulijaa. Béni alijitolea kusoma. Alijitolea! Akasimama na sauti ya mhubiri: Redio ya Bruxelles, mwandishi Mauwa Kabange, anaomba mahojiano.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele. Akainuka.

"Minyi? Shikuombaka kitu! Minyi nauzishaka bunga!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Béni akaendelea bila haya: televisheni ya Kinshasa, mwandishi Kalombo Matthias. Huyo ni mlinzi wetu wa lango. Akanyoosha mkono mlangoni, akajibu "Iko!" kama mwanafunzi. Watu wakashika mbavu.

Kisha Rachelle akasimama. Hakucheka. Aliuliza maombi yake yameandikwa wapi. Akatoa nakala, kila moja na muhuri wa ofisi na sahihi yangu ya kupokea. Sahihi yenye mkia mrefu. Haifanani na ya mtu mwingine.

Mheshimiwa hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Gamaliel, weye njo ulifichaka barua za huyu mama?"

Nikasema droo ina kufuli mbaya. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikamtafuta Noémie kwa macho. Alichukua mkoba wake, akatoka bila kunitazama.

Mheshimiwa akaomba mikro ya Rachelle, palepale. Akasema habari za mota. Akawaomba watu msamaha kwa kunyamaza kwake. Kwake! Kisha akaomba majembe.

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja watu wengi kuliko siku ya sikukuu. Nami nimeenda, nikachimba mwisho kabisa wa mtaro. Hakuna aliyenisalimia ila mama mkwe. Alisimama juu yangu, akasema mwandishi wa Bruxelles ananisalimia.

Noémie aligawa maji ya kunywa. Alianza na wengine wote, akamaliza na mimi.

"Baba Chloé, minyi nabebaka maji na hii shingo. Na weye ulijua."

Nilikunywa. Nikarudisha kikombe, nikashika jembe.

Jioni mota iliwashwa, bomba likakohoa, likatema matope, kisha maji. Watu waliimba. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa shule.

Jumapili, tarehe 9

Nimeomba sana kanisani. Mheshimiwa amenitoa kazini, buku sasa liko kwa Béni, na kila mtu anaweza kulifungua. Ni haki. Nimekubali kwa moyo wote. Mimi ni mtu mpya.

Baada ya ibada Rachelle alinikaribia, mpole kabisa. Anataka nije redioni niwaeleze watu kosa langu, ili wajue kwa nini mambo haya yasifichwe. Moyo ulisema ndiyo. Nikamjibu aandike barua ya maombi, nitaona, maana redio nyingi zinanitafuta wiki hii.

Njiani nikamwambia Noémie kwamba hata Lubumbashi wamepiga simu. Akasimama. Akauliza ni nani wa Lubumbashi, jina lake.

Nimesema nitamwambia tukishakula. Tumekula zamani. Bado natafuta jina.